Mume wangu aliumwa kongosho, na uji wangu ukarudishwa nyumbani

Mi nimelelewa hivi, mtu wako akilazwa unapika. Asubuhi uji kwenye chupa, mchana hotpoti ya wali na mchuzi mwepesi, jioni supu, unapanda daladala na kikapu mapajani, ukifika getini mlinzi anakiangalia kikapu kabla hajakuangalia wewe. Ndo kuuguza kwetu. Sasa mume wangu alivyolazwa nikafika asubuhi ya kwanza na uji wangu wa ulezi bado unatoa moshi, sista akaiona chupa akaniambia dada, huyu kwa sasa hatakiwi kuweka kitu mdomoni. Nilisimama pale na chupa mkononi, kwakweli nilihisi kama nimefukuzwa kwenye nafasi yangu.

Ilianza usiku, kama saa nne hivi. Maumivu chini kidogo ya chembe ya moyo, makali, yanapenya mpaka mgongoni. Kulala chali akashindwa, kulala ubavu akashindwa, mwisho akapiga magoti kitandani amekumbatia mto ameinama mbele kama mtu anayesali, na hapo ndo walau alikuwa anaweza kuvuta pumzi. Tukasema vidonda vya tumbo. Bongo kila kinachouma hapo ni vidonda vya tumbo, kila mtu ana omeprazo kwenye kabati, nikampa na ile dawa ya maji ya gesi, akatapika vyote, akatapika mpaka nyongo. Alfajiri ndo nikaita bajaji. Yale masaa nane mpaka leo yananiuma, kwa hiyo naomba nikuandikie wewe unayesoma: maumivu ya hapo yanayokwenda mgongoni, hayapoi, na mtu anatapika, usisubiri kupambazuke.

Daktari wa zamu kijana kabisa, akageuza karatasi ya vipimo akachora nyuma yake. Kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula, linatengeneza maji makali ya kusagia chakula, na mrija wake unakwenda kutokea sehemu moja na mrija wa nyongo kwenye utumbo. Kijiwe kikitoka kwenye mfuko wa nyongo kikakwama pale mlangoni, yale maji makali yanaanza kufanya kazi ndani ya kongosho lenyewe, yaani linajisaga. Kipimo cha damu kinaitwa lipasi, kikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida na maumivu ni ya aina ile basi wanajua ni kongosho, cha kwake kilikuwa kimepita hapo mbali sana, na ultrasaundi ikaonyesha vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Nimeitunza ile karatasi, iko ndani ya bahasha ya vyeti vya watoto.

Sasa kitu kilichonichosha kuliko usiku wowote wa pale ni swali la pombe. Daktari aliuliza, na ilikuwa haki yake, maana pombe na vijiwe vya nyongo ndo visababishi vikubwa viwili vya ugonjwa huu, aliuliza mara moja kwa sauti ya kawaida akaandika akaendelea. Ila kwenye korido ndugu na majirani waliuliza kwa namna nyingine, wananivuta pembeni, shemeji tuambie ukweli tu, alikuwa anakunywa eeh? Mume wangu hanywi. Lakini hata angekuwa anakunywa kila siku, mtu amepiga magoti kitandani kwa maumivu halafu wewe unatafuta kosa lake? Kuna anayeuliza ili atibu na kuna anayeuliza ili apate la kwenda kusimulia, na mgonjwa anawatofautisha hata akiwa amefumba macho.

Siku ya pili mama mkwe akafika kutoka Moshi, akapitia kwa wifi akapika mtori. Ndizi, nyama, siagi, sufuria nzima. Akafungua hotpoti pembeni ya kitanda wodi nzima ikanukia, mume wangu akageuza uso ukutani. Nikamwambia mama, daktari amekataza, akaniangalia kwa muda mrefu akasema mwanangu siku ya pili hajala, mnataka afe na njaa? Sikumjibu kwa sababu nilimwelewa, mimi mwenyewe jana yake nilikuwa na chupa ya uji mkononi. Mtori tukagawa kwa ndugu wa wagonjwa wengine, wakaula wamesimama kwenye korido wakamshukuru sana mama, na mama akalia.

Na niseme tu haki, mama hakuwa amekosea kwa kila kitu. Zamani walikuwa wanawafungisha wagonjwa wa kongosho siku nyingi, siku hizi madaktari wenyewe wanataka mtu aanze kula mapema, mara tu kutapika kukiisha na maumivu yakipungua. Siku ya tatu jioni akaruhusiwa uji mwepesi, vijiko sita, nilivihesabu. Tatizo halikuwa kula, tatizo lilikuwa nani anaamua ni lini, na kwenye hilo sisi ndugu inabidi tukubali kukaa pembeni.

Ila kukaa pembeni sio kukaa bure. Nilivyonyang'anywa sufuria nikanunua daftari la kaunta, na naamini lile daftari lilimsaidia kuliko chakula chochote ambacho ningepika. Walituambia masaa 48 ya mwanzo ndo yanaonyesha ugonjwa unaelekea wapi, wengi hupona ndani ya wiki hivi, ila kwa kama mtu mmoja kati ya watano unageuka mkali, na wanaoogopwa zaidi ni wale ambao figo au mapafu yanagoma na hayarudi. Basi niliandika mkojo, sista anapima kwenye jagi mimi naandika mililita na saa. Niliandika sindano ya maumivu imechomwa saa ngapi, ikikaribia kuisha nguvu namtafuta sista kabla hajaanza kuhangaika, kwa sababu mume wangu ni wa wale wanaume wanaona aibu kusema naumia, anakaza meno tu. Niliandika maswali usiku ili asubuhi daktari akipita na kundi lake nisibaki nimeduwaa. Midomo ilikuwa imekauka imepasuka, nikachovya kitambaa kwenye maji nikawa naipapasa taratibu, akanishika mkono hakusema kitu, tukakaa hivyo mpaka mlinzi akagonga kengele ya wageni kutoka.

Na dripu. Ndugu wote walikuwa wanahesabu dripu. Mbona hawajamtundikia nyingine, au hela haijalipwa? Na mi niliamini hivyo hivyo, maji mengi ndo matibabu, mpaka daktari akanielewesha kwamba maji anayahitaji sana ila yakizidi yanaingia kwenye mapafu. Baadaye nikasoma kuna utafiti mkubwa wa 2022 uliosimamishwa katikati sababu wale waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walijaa maji kuliko wenzao na wala hawakupona vizuri zaidi. Kwa hiyo ukiona chupa imeisha haijabadilishwa, uliza, usianze ugomvi.

Siku ya nne kazini wakaniuliza narudi lini. Hapa nina hasira na sifichi. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mgonjwa mwenyewe siku 126 za likizo ya ugonjwa kwenye mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, sawa, nashukuru, ilitusaidia. Lakini mimi ninayemuuguza? Kuna siku 4 zenye malipo mtoto wako akiumwa. Mwenzi wako, akifa. Someni vizuri, akifa ndo unapewa zile siku 4, akiwa hai anapigania pumzi wodini hutajwi. Nilitumia likizo yangu ya mwaka yote, na wapo wanawake na wanaume wengi tu ambao hawana hata hiyo.

Siku ya tisa tukaruhusiwa, na hapa ndo nataka wenye wagonjwa wa kongosho la vijiwe msikilize kwa makini. Tulipewa karatasi ya kutoka, dawa za maumivu, basi. Nikauliza na vijiwe je? Nikajibiwa akipata nguvu atakuja, tutaona. Tutaona sio tarehe! Vijiwe bado vimo, kongosho limetoka tu kuungua, na kimoja kikitoka tena tunarudi palepale. Kuna utafiti wa Uholanzi ulitoka 2015, wenye kongosho lisilo kali waliotolewa mfuko wa nyongo kabla ya kuruhusiwa, asilimia 5 tu ndo walikuja kupata shida tena, waliosubirishwa wakaenda nyumbani ilikuwa asilimia 17, na hao walisubirishwa chini ya mwezi tu. Sikuwa najua namba hizo siku ile, nilikuwa na woga wangu tu na daftari langu, nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya upasuaji nikasema siondoki bila tarehe. Walinipa, wiki tatu mbele. Walimtoboa vitundu vidogo vinne wakautoa mfuko wa nyongo, na sasa kitu hicho hakipo.

Nyumbani kulikuwa kugumu kwa namna ambayo sikuambiwa. Watu wanaona ametoka wanasema amepona. Alikuwa amepungua kilo kumi na moja, mkanda ukapelekwa kwa fundi viatu kutobolewa matundu mawili mapya, akitembea mpaka dukani anarudi kulala. Usiku akikohoa tu naamka, na yeye tumbo likinguruma kidogo naona anaacha kuongea, anasikilizia. Chakula kidogo kidogo mara tano kwa siku, cha kuchemsha, mafuta kidogo, pombe hata ya harusini hapana. Niliambiwa niangalie choo, kama kinaelea na kina mafuta mafuta hakiendi na maji basi kongosho halitoi vya kusagia, na tukapima sukari kila baada ya muda maana insulini inayoshusha sukari inatoka hukohuko. Mambo ya kuulizana choo asubuhi hatukuwahi kuwa nayo kwenye miaka kumi na miwili ya ndoa, sasa tunayo na hatuoni haya.

Mwezi uliopita mama amekuja tena kutoka Moshi. Amefika jioni, hakuniuliza kitu, akachemsha kuku ametoa ngozi yote, akaiacha supu ipoe akaiingiza kwenye friji usiku kucha. Asubuhi nimemkuta jikoni na kijiko, anakwangua yale mafuta yaliyoganda juu, taratibu, pembeni kote, akayatupa. Akanionyesha sufuria akaniuliza, hivi anaweza?

Nikamwambia anaweza, mama.