Mbu sio mdudu mmoja, tuache kupambana nao kijumlajumla

Masika ikianza tu Dar utasikia tangazo lilelile, laleni kwenye chandarua na fyekeni majani, na watu wanafyeka kweli mpaka uwanja unabaki mweupe, lakini nenda nyuma ya nyumba uone, matairi yamejaa maji, pipa halina mfuniko, makopo ya rangi yapo tu yanakusanya mvua. Hili jambo linaniuma jamani, maana nguvu tunatumia ila tunazipeleka siko.

Mbu wa malaria, Anofelesi, anauma usiku na mara nyingi anataga kwenye maji yaliyotulia ambayo sio machafu sana, madimbwi, majaruba ya mpunga, huko. Kwake chandarua ni kinga kubwa na mtu asikuambie uache. Yule anayekulilia sikioni usiku kucha uswahilini mara nyingi ni Kuleksi, kwao ni chooni, kwenye chemba zilizopasuka na mitaro iliyoziba, na huku pwani ndiye anayetuletea matende na mabusha. Majani unayofyeka hayamhusu kabisa huyo.

Halafu yupo Aedesi, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni. Huyu anauma mchana! Asubuhi na jioni kabla ya giza ndio anachachamaa, na makazi yake ni hapohapo kwetu, ndoo, dumu lililokatwa, tairi, kisahani cha chini ya chungu cha maua. Mayai yake yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, yakipata maji yanaanguliwa, yani hata kiangazi hajaondoka. Ndiye aliyetusambazia dengue Dar mwaka 2014 na tena 2019. Sasa mtoto wa chekechea yuko darasani saa tatu asubuhi, chandarua kipo nyumbani kitandani, kinamsaidia nini? Na akipata homa anapimwa malaria, kipimo hakionyeshi kitu, bado watu wanamnunulia dawa ya malaria hivohivo, au wanampa dawa kali za maumivu ambazo kwenye dengue zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Na msiseme kupambana na kila mdudu kwa tabia zake haiwezekani, kwa sababu imewezekana hapahapa kwetu. Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 walimwaga chembe nyepesi za plastiki inayoitwa polistireni kwenye vyoo vya shimo, zile chembe zinaelea juu ya maji zinafunika kote, viluilui vinakosa hewa na jike anakosa pa kutaga, wakati huohuo wananchi wakapewa dawa za matende, na Kuleksi akapungua vibaya sana.

Mbung'o ndio kabisa. Unguja ilikuwa inasumbuliwa na nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na huyo mbung'o, na mbung'o ana udhaifu wake, hazai ovyo kama mbu, anazaa buu mmoja mmoja na kwa kawaida jike anapandwa mara moja tu. Wataalamu wakaushika huohuo udhaifu, wakafuga madume kule Tanga, wakayahasi kwa mionzi, kuanzia 1994 wakawa wanayamwaga kwa ndege, zaidi ya milioni 8 mpaka kazi inaisha, jike akikutana na dume kama hilo ndio basi hapati kizazi. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996 na tangu hapo kisiwa kimekuwa salama. Lakini walianza na mitego na dawa kwenye mifugo kwanza wakampunguza, hawakukurupuka.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenyeviti na wajumbe wetu wa mitaa, siku ya usafi ile fyekeo ipumzike kidogo. Piteni gereji zote za mtaani matairi yaingie ndani au yatobolewe, simtanki zipate mifuniko inayobana, pipa la maji limwagwe na lisuguliwe ndani kila wiki maana mayai yanagandia ukutani, chemba zilizopasuka zizibwe. Na shuleni waweke nyavu madirishani, watoto wanashinda kule saa zilezile Aedesi anazotafuta damu.