Barua ya udahili ina sharti, na sharti hilo liandikwe waziwazi

Barua ya chuo ya binti yangu ilifika mwishoni mwa Machi, naye hakuwa amemaliza kuisoma nilipokwisha kupiga simu Tanga. Mjomba wake alimwombea dua msikitini Ijumaa ile, na shangazi zake wa Muheza wakatuma ujumbe wa sauti wenye vigelegele mwanzo hadi mwisho. Wiki tano baadaye nilirudi alfajiri kutoka zamu ya usiku ghalani, nikamkuta ameketi mezani jikoni akiwa hajalala, kompyuta iko wazi mbele yake. Alama yake ya kalkulasi, iliyokuwa B mwezi wa Januari, ilikuwa imeshuka hadi D, na ya kemia ilikuwa ikielekea huko huko. Akaniambia, "Mama, naogopa watanifutia nafasi." Nilimjibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa barua tunayo. Jibu langu lilikuwa kosa, na kosa hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii, kwa sababu naamini wazazi wengi tuliohamia Marekani kutoka Afrika Mashariki tungejibu vivyo hivyo.

Sisi tulilelewa katika utaratibu wa matokeo kwanza, chuo baadaye. Nchini Tanzania mwanafunzi wa kidato cha sita hufanya mtihani wa taifa mwezi wa Mei, husubiri Baraza la Mitihani (NECTA) litangaze matokeo, kisha ndipo huomba chuo akiwa na alama zake mkononi. Kenya nako, wanafunzi hupangiwa vyuo na KUCCPS, taasisi ya serikali inayoshughulikia kazi hiyo, kwa kufuata alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Kwa utaratibu huo, aliyepata nafasi amekwisha kuvuka, wala hakuna mtu atakayemrudia miezi mitatu baadaye kumuuliza aliendeleaje darasani. Marekani mambo yamepangwa kinyume. Mtoto huomba chuo kati ya Novemba na Januari, mwaka wake wa mwisho wa sekondari ukiwa haujafika hata nusu. Vyuo vingi hutoa majibu kufikia mwanzoni mwa Aprili. Naye hutakiwa kuchagua chuo kimoja na kuviaga vingine kufikia tarehe 1 Mei. Wakati huo wote bado anakwenda shule, na alama zake za muhula wa mwisho hazijulikani. Chuo kimempa nafasi kwa kutazama miaka mitatu na miezi michache, na mwezi wa Juni shule hutuma matokeo kamili ili chuo kihakikishe kwamba aliyekubaliwa ndiye huyo huyo anayekuja.

Sharti hilo lilikuwa kwenye barua yetu, katika ukurasa wa pili, chini ya maelezo ya malazi. Lilisema kwamba nafasi inategemea mwanafunzi kumaliza mwaka kwa kiwango kinacholingana na kile alichokionyesha wakati wa kuomba. Kumbe hata fomu ya Common App, ambayo watoto wengi huitumia kuomba vyuo, humtaka mwombaji athibitishe kwamba anaelewa jambo hilo. Binti yangu alithibitisha usiku wa manane, pamoja na mambo mengine mengi, na mimi sikuwahi kuiona fomu yenyewe.

Niseme haraka, kwa ajili ya mzazi ambaye yuko katika hofu hiyo sasa, kwamba kushuka kutoka A hadi B, au hata C moja katika matokeo yaliyo mazuri, kwa kawaida hakumnyimi mtoto chuo. Yanayowashtua watu wa ofisi ya udahili ni D au F katika somo la msingi, alama za masomo kadhaa kuporomoka kwa pamoja, au mwanafunzi kuacha somo aliloliorodhesha kwenye maombi bila kuwaarifu. Na hata hapo, kufuta nafasi si hatua pekee waliyo nayo: wanaweza kumtaka aeleze kwa maandishi, kumtaka arudie somo wakati wa kiangazi, au kumpokea akiwa chini ya uangalizi wa kitaaluma. Ufadhili nao huwa na masharti yake yenyewe, kwa hiyo mtoto anaweza kubaki na nafasi huku amepoteza fedha, na kwa familia kama yangu hayo mawili hayatofautiani sana.

Sipingi kuwapo kwa sharti lenyewe. Mwanafunzi anayekwenda kusomea uhandisi, kama binti yangu, atakuta hesabu za mwaka wa kwanza zimejengwa juu ya kalkulasi hiyo hiyo, na chuo kinachompokea bila kujali kwamba hakuielewa hakimtendei wema. Zaidi ya hayo, yuko mtoto mwingine aliyekataliwa mwezi wa Machi ambaye aliendelea kusoma kwa bidii mpaka siku ya mwisho. Ninachokipinga ni neno "kinacholingana". Kinalingana kwa kipimo gani? Mtoto aliyekuwa na wastani wa 3.8, katika kipimo cha hadi 4.0, akimaliza muhula na 3.3, amelingana au hajalingana? D moja inasameheka, au ndiyo mwisho wa safari? Hapakuwa na tarakimu yoyote katika barua yetu, na binti yangu alikaa wiki tatu akijihukumu mwenyewe kwa kipimo alichokibuni usiku, ambacho kilikuwa kikali kuliko cha chuo chochote.

Kuandika sharti waziwazi kunawezekana, kwa sababu wapo wanaofanya hivyo. Vyuo vya University of California humweleza mwanafunzi anayetoka sekondari kwamba katika masomo ya mwaka wa mwisho anatakiwa apate C au zaidi, na kwamba matokeo rasmi yatumwe kufikia tarehe 1 Julai. Mtoto anayesoma maneno hayo anajua ukingo uko wapi, na akiukaribia anajua kwamba ameukaribia. Panapokosekana kipimo, anayenufaika ni mtoto ambaye wazazi wake walisoma vyuo vya Marekani na wanajua namna barua hizi zinavyosomwa, au ambaye shule yake ina mshauri wa wanafunzi mwenye muda wa kuketi naye. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na shule nyingi za umma zinawapa washauri wao wanafunzi wengi kuliko hao. Mtoto wa mhamiaji, ambaye ndiye wa kwanza katika ukoo kuingia chuo cha huku, anabaki kumuuliza nani?

Lakini hata sharti lililoandikwa vizuri linahitaji kutumiwa kwa haki. Majira ya kiangazi ya mwaka 2017, chuo cha UC Irvine, kimojawapo cha vyuo hivyo vya University of California, kilijikuta kimekubaliwa na wanafunzi wapya wapatao 850 zaidi ya waliotarajiwa, na miezi kama miwili kabla ya masomo kuanza kikafuta nafasi 499. Karibu 290 kati ya hizo zilifutwa kwa sababu ya kasoro za utumaji wa matokeo, ikiwemo kuchelewa, na wanafunzi walilalamika kwamba chuo kilikuwa kinatafuta kila kisingizio cha kupunguza idadi. Baada ya malalamiko kusambaa, mkuu wa chuo, Howard Gillman, aliomba radhi, na wale waliofutiwa kwa sababu ya matokeo kutofika walirudishiwa nafasi zao. Nafikiria sana hali ya mtoto aliyepokea barua ile mwezi wa Julai. Vyuo vingine vyote alikwisha kuviaga mwezi wa Mei, kama alivyotakiwa, kwa hiyo hakuwa na pa kugeukia. Huo ndio uzito wa hofu hii, nami nasikitika kila mtu mzima anapoipuuza kwa kumwambia mtoto kwamba anajisumbua bure.

Wamarekani wanazungumzia kushuka kwa alama za mwaka wa mwisho kama ugonjwa wa uvivu unaowapata vijana wakishapata chuo. Huenda ni kweli kwa baadhi yao. Nyumbani kwetu haikuwa hivyo. Mwezi wa Januari nilihamia zamu ya usiku kwa kuwa malipo yake ni makubwa zaidi, na tangu siku hiyo binti yangu ndiye aliyemchukua mdogo wake shuleni, akampikia, akamsimamia kazi za shule na kumlaza, kisha ndipo akafungua daftari lake saa nne usiku. Alimsindikiza bibi yake kliniki mara mbili ili amtafsirie, siku za shule. Barua ilipokuja, mimi mwenyewe nilimwambia kwamba sasa apumzike, kazi imekwisha. Na kwa kuwa ukoo mzima ulikuwa umempongeza, hakuthubutu kumwambia mtu yeyote kwamba mambo yanaharibika. Nikiulizwa ni nani aliyeshusha alama zile, sitamtaja yeye peke yake.

Asubuhi ile hatukulala. Tulikwenda shuleni pamoja, tukaonana na mwalimu wa kalkulasi, ambaye alituambia kwamba zimebaki wiki tano na mitihani miwili, na kwamba C bado inawezekana ikiwa atahudhuria vipindi vya msaada baada ya masomo. Mshauri wake alimshauri aiandikie ofisi ya udahili yeye mwenyewe, mapema, kabla ya chuo kuyaona matokeo. Nilitaka nimwandikie mimi, naye akakataa, na alifanya vizuri kukataa. Aliandika aya tatu: alama zimeshuka hadi hapa, hali ya nyumbani ilibadilika kwa namna hii, na mpango wangu wa wiki zilizobaki ni huu, kisha akauliza ni alama gani wanayoihitaji ili nafasi yake ibaki. Hakuomba huruma. Mimi nilikwenda kwa msimamizi wangu kuomba nirudishwe zamu ya mchana, na tangu wiki iliyofuata mshahara ukapungua.

Jibu la chuo lilikuja baada ya siku tisa. Walimshukuru kwa kuwaarifu, wakamwambia kwamba watayatazama matokeo ya mwisho, na kwamba wanatarajia C au zaidi katika kila somo. Sentensi hiyo moja ilimfanya alale usiku ule. Ingewekwa kwenye barua ya Machi, isingeongeza hata mstari mzima. Alimaliza kalkulasi na C, kemia na B, shule ikatuma matokeo mwezi wa Juni, na mwezi wa Agosti tulimpeleka bwenini.

Mwaka huu jirani yetu, mama aliyetoka Bukavu, aliniletea barua ya mwanawe niisome, nyumba yao ikiwa bado imejaa wageni waliokuja kumpongeza. Nilifungua ukurasa wa pili kwanza. Sharti liko, neno "kinacholingana" liko, na tarakimu haipo. Nilimwita kijana kando, nikamwonyesha, naye akaandika barua pepe papo hapo kuuliza wanamaanisha alama gani. Mpaka leo, siku ya sita, hawajamjibu.