Siku Doris Aliponing'ang'ania

Mke wangu alilijua jina la Doris jioni moja ya Jumamosi, tulipokuwa tukila ugali na sukuma wiki sebuleni kwetu Kawangware, Nairobi. Si mimi niliyemtajia. Alilisoma mwenyewe, likiwa limechongwa kwa herufi kubwa kwenye kitu cheusi, cha mviringo na kizito kilichobingirika kutoka chini ya kochi mtoto alipokuwa akitafuta kiatu chake.

"Baba Amani," akaniambia kwa ile sauti ya upole anayoitumia mambo yanapoharibika kabisa, "Doris ni nani?"

Nilimwambia ukweli, nao ukweli ulikuwa mgumu kuaminika kuliko uongo wowote ambao ningeweza kuutunga: kwamba Doris ni mama fulani wa ng'ambo nisiyemjua, kwamba alikuwa mchezaji wa bolingi, ule mchezo wa kubingirisha mpira mzito kwenye njia ya mbao ili kuangusha pini kumi zilizosimamishwa mwishoni, kwamba mpira wake ulisafiri pamoja na mitumba hadi soko la Toi, na kwamba nilimnunua kwa shilingi 700. Nilijirekebisha haraka na kusema kwamba niliununua. Muuzaji alikuwa akiutumia kukandamiza turubai lisipeperushwe na upepo, naye aliamini kwamba ni tufe la wanariadha lililoharibika, kwa kuwa lilikuwa na matundu matatu, na ndiyo sababu alinipunguzia bei. Nilipofika mtaani niliupeleka buchani ukapimwe, ukatoa kilo sita kasoro kidogo, na mwenye bucha akaniuliza kama nilitaka akatekate.

Ni lazima niueleze ugonjwa wangu. Jumapili usiku, majirani wanapolala, mimi huketi na simu yangu kutazama mashindano ya PBA, chama cha wachezaji wa bolingi wa kulipwa wa Marekani kilichoasisiwa mwaka 1958, kwa sababu mchana wao ni usiku wetu. Shujaa wangu ni Walter Ray Williams Jr., mwenye mataji 47 ya chama hicho, ambaye pia amekuwa bingwa wa dunia wa kurusha viatu vya farasi, jambo ambalo mama mkwe wangu hadi leo anadhani ninamtania. Huyo hucheza kama watu: mkono mmoja, vidole viwili vya kati ndani ya matundu yake, na kidole gumba ndani ya lake.

Yule nisiyemkubali ni Jason Belmonte wa Australia. Wazazi wake walikuwa na ukumbi wa bolingi, na alipokuwa mtoto mdogo asiyeweza kuinua mpira kwa mkono mmoja aliusukuma kwa miwili, kisha akakua na kukataa kuacha. Kidole gumba hakiingizi kabisa. Anapoelekea kwenye mstari wa kuachilia mpira utadhani ameepua sufuria ya moto na hajui aiweke wapi. Ni kweli kwamba ameshinda mataji makubwa 15, na kwamba hakuna mwanamume mwingine katika chama hicho aliyefikisha idadi hiyo, lakini mimi nilikuwa na msimamo wangu, na nilikuwa nikiueleza kwa yeyote aliyekosa pa kukimbilia.

Mwezi huo aliyekosa pa kukimbilia alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliyekuja kutoka Mombasa kwa shughuli zake na kufikia kwetu. Nilimwalika twende kwenye ukumbi mmoja ulio ndani ya jengo la maduka upande wa Westlands, nikautia mpira ndani ya kiondo, tukaondoka. Matatu ilipofunga breki kwa ghafla, Doris alitoka kiondoni na kubingirika chini ya viti hadi miguuni mwa dereva, na nikapata nafasi ya kusikia maoni ya abiria kumi na wanne kuhusu malezi yangu.

Langoni mambo yalikuwa mazito zaidi. Askari alikipitisha kiondo kwenye mashine, akatazama skrini, akamwita mwenzake, na mwenzake akamwita mkubwa wao.

"Ni mpira," nikasema.

Yule mkubwa aliubonyeza kwa kidole. "Mpira gani huu usiobonyea?" Kisha akausoma. Akaniangalia usoni, akausoma tena. "Na wewe ndiye Doris?"

Shemeji, badala ya kunitetea, aliomba ruhusa ya kuketi chini acheke vizuri.

Ndani ya ukumbi nilirejesha heshima yangu kwa kutoa somo. Nilimweleza shemeji kwamba kutoka kwenye mstari hadi pini ya kwanza ni futi 60, yaani zaidi ya mita 18. Kwamba njia hiyo ina mbao 39 zilizolala bega kwa bega na mchezaji makini hulenga ubao, si pini. Na kwamba sehemu kubwa ya njia hupakwa mafuta usiyoyaona, ambayo huufanya mpira uteleze kwanza kabla haujashika mbao na kupinda. Nilimweleza kwamba Wamarekani hupanga mafuta hayo kwa mitindo yenye majina ya wanyama, mmojawapo ukiitwa Duma, na kwamba sisi tunaoishi katika nchi yenye duma wenyewe tulipaswa kuwa tayari tumetoa bingwa.

"Basi shemeji," akaniuliza kwa unyenyekevu wa kipwani, "haya mafuta ni ya kupikia au ya taa?"

Zamu yake ilipofika, aliukumbatia mpira wa ukumbi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba tikiti maji, akaenda hadi kwenye mstari na kuusukuma. Zilianguka pini nane. Nilimwambia kwa upole kwamba huo si mtindo. Zamu iliyofuata aliangusha zote kumi. Nilimweleza kuwa hiyo ni bahati, na kwamba mtaro wa pembeni mwa njia, unaomeza mpira uliopotoka, hauna mpenzi. Kufikia mwisho wa zamu ya tano, shemeji alikuwa na alama 71 nami nilikuwa na 58.

Kuna jambo nililokuwa nikilijua na nililolipuuza. Mpira wa bolingi wa mtu binafsi hutobolewa kwa kipimo cha mkono wake, na Doris, Mungu ambariki popote alipo, alikuwa na kidole gumba chembamba. Asubuhi changu kiliingia kwa kusukumwa. Tena kidole gumba huvimba kadiri mchezo unavyoendelea. Katika zamu ya tano kilitoka kwa mlio kama wa kizibo cha chupa, nami nikauchukulia mlio huo kuwa dalili ya ufundi.

Zamu ya sita nilipiga hatua zangu jinsi Walter Ray alivyonifundisha. Mkono ulikwenda nyuma, ukarudi mbele, nikauachia mpira. Mpira haukuniachia. Ulikwenda mbele, mkono ukaufuata, nami nikaufuata mkono. Niliuvuka mstari kwa kifua na kugundua kwamba mafuta yale nisiyowahi kuyaona yapo kweli, na ni mengi, kwani niliteleza juu yake kwa utulivu mkubwa hadi miguu pekee ndiyo iliyobaki ikigusa mstari. Hapo kengele ya kosa ikaanza kulia, na kwa kuwa miguu yangu ilikuwa imeukata ule mwanga unaolinda mstari, haikunyamaza. Njia ya jirani palikuwa na sherehe ya kuzaliwa ya mtoto. Wote waliacha keki.

"Mama," sauti ndogo ikauliza, "huyo babu amekufa?" Nina miaka 41.

Mhudumu alinivuta kwa miguu, Doris akiwa bado mkononi. Alijaribu sabuni ya kuoshea vyombo, ikawa bure. Akaleta ndoo ya barafu kutoka kaunta ya vinywaji, nami nikaketi nimeutumbukiza mkono pamoja na mpira humo ndani, fulana yangu nyeupe ikinata mwilini kwa mafuta. Shemeji aliomba ruhusa ya kunichezea zamu zangu zilizobaki, na alama zangu zikaanza kupanda vizuri. Kisha akampigia dada yake simu.

"Dada, usishtuke," nilimsikia akisema. "Shemeji amenaswa na Doris. Hawezi kutoka."

Mke wangu alifika kwa bodaboda kabla barafu haijayeyuka. Alinitazama bila kusema neno, akafungua mkoba, akatoa kichupa cha mafuta ya nazi na kumimina kidogo kandokando ya kidole changu. "Usivute," akaniamuru. "Zungusha." Nilizungusha, na kidole kikatoka, rangi yake kama bilinganya.

Ubaoni, shemeji alikuwa amemaliza na 118, nami nilikuwa na 103, ambazo 58 kati yake nilizipata mwenyewe, na kwenye zamu ya sita palikuwa na herufi ya kosa, kwa sababu anayevuka mstari hahesabiwi kitu hata pini zote zikianguka. Mke wangu alivaa viatu alivyopewa na mhudumu, akampangusa Doris kwa leso, na kumuuliza mdogo wake mpira hushikwaje.

"Kwa mikono miwili, dada."

Aliusukuma. Ulikwenda polepole mno, jina likionekana na kupotea kila ulipojigeuza, ukafika, ukaziegemea pini, nazo zikaanguka mojamoja hadi tisa. Nikakirudisha kidole changu ndani ya ndoo, na kumweleza kwamba alikuwa amesimama kwenye ubao usiofaa.