Mtoto Aliyepasuliwa Ubongo: Mazoezi Mengi au Taratibu?

Mtoto akitoka kwenye upasuaji wa ubongo na mkono mmoja umelegea, wazazi wake hupata ushauri wa aina mbili unaokinzana. Kuna wanaosema apewe mazoezi mengi tena mapema, na kuna wanaosema ubongo umejeruhiwa, aachwe apone, asogezwe taratibu.

Wa kwanza wana hoja nzito: ubongo hujipanga upya kwa kutumika. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, aliona kwa kima kwamba mkono uliokatwa hisia hubaki bila kazi kwa kuwa mnyama amezoea kuuacha. Ukifungwa ule mzima, ule dhaifu hurudi kazini. Leo watoto hutibiwa vivyo hivyo, mkono mzima ukivikwa glovu nene au plasta. Mtazame mtoto mbele ya bakuli la shanga: vidole vinafunguka nusu, bega linapanda ili kuusaidia mkono, shanga inateleza. Anarudia. Kule kurudia, hata shanga ikimponyoka, ndiko kunakoufunza ubongo.

Hata hivyo, ushahidi mwingi wa tiba hiyo unatoka kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, si waliopasuliwa. Tena mazoezi ya mikono yote miwili, yakifanywa kwa saa zilezile, huleta matokeo yanayokaribiana. Kwa hiyo mtoto anayelia kila akiiona glovu halazimiki kufungwa.

Wanaotaka taratibu nao wasipuuzwe. Utafiti wa AVERT uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa 2,104 wa kiharusi, ulionyesha kuwa walioanza kuinuliwa kitandani mapema sana na mara nyingi zaidi walikuwa na hali mbaya kidogo baada ya miezi mitatu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hao walikuwa watu wazima, lakini onyo lipo. Na baadhi ya watoto walioondolewa uvimbe sehemu ya nyuma ya ubongo hupoteza usemi kwa siku, wiki au hata miezi kadhaa, hulia ovyo, hushindwa hata kukaa. Huyo dakika kumi za mazoezi zinamtosha. Siku ya kuanza aiseme daktari aliyempasua.

Ninachokipinga waziwazi ni kumchezesha mtoto viungo kama mwanasesere. Wamarekani Glenn Doman na Carl Delacato walieneza tiba ambamo watu wazima kadhaa humzunguka mtoto na kumsogeza kichwa, mikono na miguu, mara nyingi kwa siku. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliikosoa mwaka 1968, kikarudia 1982 na 1999. Inaniuma nikifikiria familia zilizomaliza nguvu zao humo. Kunyoosha viungo visikakamae ni sawa, ila kujifunza kunataka mtoto mwenyewe atake kitu na akifuate.

Na lengo liwe la kweli. Mtoto aliyetolewa au kutenganishwa nusu ya ubongo kwa ajili ya kifafa mara nyingi hutembea tena, lakini vidole vya upande wa mwili ulio mkabala na nusu hiyo kwa kawaida havirudishi ufundi wa kuokota kitu kidogo. Kumdai aokote shanga kila siku ni kumtesa. Mkono huo unaweza kujifunza kukandamiza karatasi isiteleze wakati mwenzake anachora, na mtoto apendaye kuchora atafanya zoezi hilo bila kuambiwa.