Bolti ya breki ikigoma, mpe fundi siku nzima

Nimechoka kusikia watu wakisema kwamba fundi anayeshinda na bolti moja tangu asubuhi hadi adhuhuri hajui kazi. Nimelisikia Magomeni, nimelisikia Chikongola, na juzi nimelisikia kwa kijana wa bodaboda aliyesimama kutazama tu. Mimi nasema kinyume chake. Hapa Mtwara, penye upepo wa chumvi mwaka mzima, fundi mzuri ndiye huyo anayekaa nayo. Wa kuogopa ni yule anayekutolea ndani ya dakika kumi.

Kazi yangu ni samaki. Nina Noah. Alfajiri nashuka Msimbati kuchukua mzigo, narudi mjini kuongeza barafu, kisha napanda Nanyamba, Tandahimba, hadi Newala, na siku nyingine nateremkia Masasi. Msimbati magari hupita juu ya mchanga wa ufukweni kabisa, na barafu ikianza kuyeyuka maji ya samaki hudondoka chini ya gari njia nzima. Gari langu linaloa chumvi kutoka juu na kutoka chini.

Chuma kikipata maji na hewa kinashika kutu, hilo tunalijua sote. Chumvi inaharakisha, maana maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko maji baridi ya kisima, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo kwenye uso wa chuma. Lakini kuna jambo ambalo nilikuwa silijui mpaka nilipoelezwa: kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula. Na ndani ya tundu la bolti hakuna nafasi. Basi inavimba katikati ya thredi, yaani ile mistari ya kuzungukia bolti, inajikaza yenyewe, na bolti iliyofungwa na mtu mmoja kwa spana ya kawaida inakuja kuwakataa wanaume wawili na bomba.

Mwaka jana pedi za mbele kushoto ziliisha. Nilikuwa na haraka, siku ya pili yake nilitakiwa Newala na mzigo. Fundi niliyempata tulikubaliana shilingi 15,000 za kazi. Kufika kwenye zile bolti mbili kubwa zinazoshika kishikio cha kalipa, yaani kile chombo kinachobana pedi, ya chini ikagoma. Alikuwa na soketi ya pembe kumi na mbili. Soketi ya namna hiyo inashika kichwa cha bolti kwenye ncha tu, na kichwa chenye kutu ncha zake zimeshalika. Ikateleza, ikateleza tena, kichwa kikawa duara. Nikamuuliza itachukua muda gani. Nikamuuliza tena. Ndipo akachukua tindo na nyundo. Ilitoka, sikatai. Akaitupa, akaingiza mkono kwenye kopo la bolti mchanganyiko, akapata moja iliyoingia, akakaza, akaniambia, "Mama, tayari, nenda salama."

Wiki chache baadaye, kwenye mteremko wa kutoka Newala kwenda Masasi, nikakanyaga breki nikasikia chuma kikigonga ringi. Nilikuwa na vijana wangu wawili nyuma na masanduku ya samaki. Nilishusha gia, nikaegesha kwenye majani, mmoja akashuka kuchungulia. Kishikio cha kalipa kilikuwa kimeshikwa na bolti moja tu, ile ya juu. Ya chini haikuwepo. Miguu yangu ilitetemeka nusu saa nzima, na mpaka leo nikipita pale napunguza mwendo hata kama barabara iko tupu.

Simtaji fundi yule, na simwekei lawama yote. Mimi ndiye niliyesimama juu ya kichwa chake nikiangalia saa.

Gari nililipeleka kwa mzee mmoja wa Magomeni, mtu wa maneno machache. Alivua tairi, akatazama, akasema, "Mwanangu, leo husafiri." Bolti ya juu ilikuwa ya gari lenyewe, na kutu ilikuwa imeishika sawasawa. Akaipiga brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana. Akachanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, akadondoshea pale thredi zinapoanzia, akaigonga kichwani kwa nyundo ndogo mara kadhaa ili mafuta yapenye, akaenda kufanya gari la mtu mwingine. Alirudi baada ya saa nzima, akadondoshea tena. Mafuta ya taa, ambayo wengi wetu huyakimbilia, alisema yanasaidia kidogo tu, bora kuliko maji.

Alipoanza kufungua, alianza kwa kukaza. Nilishangaa. Akakaza kidogo mno, kiasi cha kuvunja kutu, ndipo akarudisha kinyume, akakaza tena, akarudisha. Soketi yake ilikuwa ya pembe sita, inayokaa kwenye ubapa wa kichwa na kuacha ncha. Hata hivyo kichwa kilikatika. Kijana wake akakimbilia drili na kile chuma cha kung'olea, kinachoingizwa kwenye tundu la katikati na kuzungushwa kinyume. Mzee akamzuia. Chuma kile ni kigumu sana, na kigumu hukatika bila kupinda. Kikibaki ndani, drili ya kawaida haikigusi, na hapo umeshapoteza kishikio kizima. Mimi namuunga mkono kabisa, kwa sababu nimeona vishikio viwili vilivyotupwa kwa kosa hilo hilo.

Alichofanya ni hiki. Kalipa aliitundika kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa hozi yake. Kichwa kikiwa kimekatika kishikio kilitoka chenyewe, kipande cha bolti kimejitokeza nje kama kidole. Akavua pini ambazo kalipa huteleza juu yake na vijiraba vyake vyote, akakibana kishikio kwenye vaisi, mbali kabisa na gari. Akaweka nati juu ya kile kipande, akachomelea ndani ya tundu la nati mpaka vikawa kitu kimoja. Moto wa kuchomelea unafanya kazi mbili: unaipa bolti kichwa kipya, na unapasua ule mshiko wa kutu. Akaacha ipoe kidogo, akashika spana, akakaza na kurudisha. Ikatoka na moshi wake. Ilikuwa saa kumi jioni.

Angefanya vile kwenye gari lenyewe, moto ungefika kwenye hozi ya mpira na mafuta ya breki, na mafuta ya breki yanawaka. Aliniambia pia nisimruhusu mtu yeyote kuwasha moto pale palipopulizwa dawa ya kusafishia breki. Baadhi ya dawa hizo zina klorini, na zikikutana na moto zinatoa gesi ya sumu inayoharibu mapafu.

Kisha akanionyesha mashimo ya kishikio. Thredi za tundu la chini zilikuwa hai. Ile bolti ya kwenye kopo ilikuwa laini, kwa hiyo imekufa yenyewe kabla ya kuua tundu. Akapitisha chombo cha kukatia thredi ili kusafisha, akanituma duka la spea na bolti ya zamani mkononi. Kichwani ina namba. Ya 8.8 imetengenezwa kuvumilia mvuto wa nyutoni 800 (nyutoni ni kipimo cha nguvu) kwa kila milimita moja ya mraba kabla ya kukatika, ya 10.9 nyutoni 1,000. Ile ya kopo haikuwa na namba yoyote. Na thredi ziwe za mwachano ule ule, yaani nafasi kati ya mstari na mstari. Bolti inaweza kuingia mizunguko miwili mitatu ukadhani ndiyo, kumbe inakata njia yake.

Mwisho alikaza kwa spana ya kupimia. Kwa magari madogo bolti hizi za kishikio mara nyingi hukazwa kwa karibu nyutoni mita 100, yaani kama kuning'iniza kilo 20 kwenye ncha ya mpini wa nusu mita. Zile ndogo za pini hutaka karibu theluthi ya hapo. Pini alizipaka grisi ya silikoni, kwa kuwa grisi ya kawaida huvimbisha mpira.

Nikamlipa 40,000. Hakuniomba zaidi ya 25,000.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Tunakubaliana bei ya pedi, na bolti ikigoma kila saa inayoongezeka inakatwa kwenye chakula cha fundi. Anajua hilo, na anajua mteja amesimama. Tindo iko karibu kuliko subira. Mimi sasa nasema kabla tairi halijavuliwa: bolti ikitoka bila taabu, bei ni hii, ikigoma, tunaongea upya, na ikikatika nanunua ya namba ile ile, si ya kopo. Kuna watakaosema mafundi watavuta muda ili walipwe zaidi. Wapo, siwatetei. Lakini wakati bolti inalowa mafuta fundi anafanya gari lingine, na mteja anayekaa pale anaona nani anasubiri kutu na nani anasubiri hela.

Breki za nyuma nazo zinakaribia kuisha, na msimu wa korosho ukianza mzigo wangu wa Tandahimba huongezeka. Nimeshaongea na mzee. Alhamisi jioni nampitishia gari adondoshee mafuta, Ijumaa asubuhi tena, Jumamosi ndiyo anafungua. Barafu ya Jumamosi nimeshaiahirisha.