Anayepinga alama si lazima awe na kijicho

Asubuhi ya kipindi cha giza, zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, mwalo wa Kibirizi mjini Kigoma unameta. Akina mama wanageuza dagaa kwenye chanja, na kabla gunia halijapakiwa mtu anashika kalamu ya wino mzito na kuandika ubavuni neno moja: KIGOMA. Neno hilo ndilo bei. Mnunuzi wa Kariakoo akiliona, anajua atalipa zaidi ya dagaa wa Mwanza.

Sasa tuseme kampuni moja yenye pakiti za kuvutia imesajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, maneno "Dagaa wa Kigoma" kuwa alama yake ya biashara. Ni mfano tu. Kikundi cha akina mama kikisema kinataka usajili huo ufutwe, jibu la kwanza mtaani litakuwa: wivu huo. Mwenzenu kaamka mapema, nyie mlikuwa wapi?

Hilo "mlikuwa wapi" linanikera, maana jibu lipo. Walikuwa mwaloni. Maombi ya alama hutangazwa kwenye jarida la Msajili, na mwenye pingamizi ana siku 60. Siku 60 kwa watu wa ziwani ni kama giza mbili: mbalamwezi ikitoka nyavu zinashonwa, giza likirudi watu hawalali. Nani kati yao analifungua jarida hilo, hata kama siku hizi mambo ya BRELA yanafanyika mtandaoni? Atajua jina limechukuliwa siku atakapoletewa barua ya wakili, au mzigo wake utakapokataliwa dukani. Zile siku 60 zitakuwa zimekwisha zamani. Ndiyo maana sheria ikaacha mlango wa pili, wa kumwomba Msajili au Mahakama usajili ufutwe. Msajili hupima kilichomo kwenye jalada. Aliyekuwa anaanika dagaa hakuwemo.

Mwenye alama naye ana lake. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara, na ndani ya muda huo amekopa, amechapisha pakiti, amehangaika na vipimo vya shirika la viwango, TBS. Ikiwa kila mtu anaweza kumtikisa, nani atawekeza? Halafu kuna hoja nzito zaidi, na hii siipuuzi: jina lisipokuwa na mwenyewe, nani atamzuia anayefunga dagaa wa Mwanza na kuwaita wa Kigoma?

Lakini dawa ya hapo si kumpa mmoja jina la wote. Ethiopia ilipoanza mwaka 2005 kuomba usajili wa majina ya kahawa yake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, nchini Marekani, mwombaji alikuwa serikali kwa niaba ya wakulima, na mwaka 2007 ikafikia makubaliano juu ya majina hayo na Starbucks, kampuni ya kahawa ya Marekani. Rooibos, majani ya chai ya Afrika Kusini, ilikwenda kinyume: jina la kichaka chenyewe lilisajiliwa Marekani mwaka 1994 kuwa mali ya mfanyabiashara, na ilichukua mvutano mrefu wa kisheria hadi likaachiliwa mwaka 2005. Wauzaji wengine wa majani hayo walikuwa wamezuiwa kuyaita kwa jina lake.

Na tusimtie mpingaji maneno mdomoni. Hataki kampuni ifungwe. Ibaki na jina lake, rangi zake na picha yake ya mtumbwi. Mara nyingine si lazima hata alama nzima ifutwe. Kuna sharti linaloweza kuandikwa kwenye usajili kwamba mwenye alama hadai haki ya pekee juu ya maneno ya kawaida yaliyomo.

Kinachonitia wasiwasi kwa akina mama ni ushahidi. Watatakiwa kuonyesha kwamba jina lilitumika na wengi kabla ya kampuni: stakabadhi za mizigo ya treni, madaftari ya mauzo, picha za magunia yaliyoandikwa. Stakabadhi hizo wengi huzitupa mzigo ukishafika.