Msinipigie Makofi ya Ugeni

Mwezi uliopita niliingia mashindano ya kuimba kwenye baa moja ya Kabalagala, hapa Kampala. Mimi mtu wa Tanga, huu mwaka wa tatu nauza spea za magari soko la Kisekka, na wimbo niliuimba kwa Kiganda. Niliutunga mwenyewe. Kiitikio alinifasiria mwenzangu wa kibanda cha jirani, akakiandika nyuma ya risiti: "Tuggulire oluggi." Yaani, tufungulie mlango. Nilipoziona zile g mbilimbili nikadhani kalamu imemteleza.

Haikuteleza. Kiganda kina konsonanti za kukazwa, kitu ambacho Kiswahili chetu hakina. Okugula ni kununua, okuggula ni kufungua. Kinachotuponza ni kwamba lugha zenyewe ni ndugu: ukisikia amazzi, ennyumba, okulima, unajiona umeshafika. Basi nikasimama jukwaani, macho nimefumba, mkono kifuani, nikawasihi walevi wa Kabalagala watununulie mlango. Mara nne, maana kiitikio kinarudiwa.

Makofi yakalipuka. "Ogezezzaako!" Umejaribu. Najua kwa Waganda hiyo ni pongezi, haina kejeli ndani yake. Lakini nilitega sikio usiku ule, na mshindi wa kwanza hakuna aliyemwambia amejaribu. Mimi nikapewa nafasi ya pili na shilingi 200,000. Wa tatu alikuwa binti mmoja ambaye sauti yake iliwanyamazisha hata wachoma nyama wa nje. Yeye akaondoka na fulana.

Hapo ndipo ninapokasirika. Zile alama nilipewa kwa sababu ya kwetu, si kwa sababu ya wimbo, na zilitoka mfukoni mwa yule binti.

Naelewa huruma hiyo imetoka wapi. Idi Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee wengi hapa wakikisikia bado wanawakumbuka askari. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Wateja wangu wengi bado wanakiona lugha ya kuamrishwa. Sasa akitokea Mswahili anakuja kwa Kiganda, tena anabembeleza, watu wanaguswa. Sawa. Ninunulieni soda. Alama ziacheni.

Rafiki zangu hunitolea mfano wa Jose Chameleone: mbona ameimba Kiswahili zaidi ya miaka 20 na hakuna aliyemsumbua na ngeli? Kweli kabisa, na hoja yangu ndiyo hiyo. Tanga tulimcheza kwenye harusi mpaka asubuhi kwa kuwa nyimbo zilikuwa tamu. Sikumsikia mtu akisema, "Maskini, Mganda wa watu kajitahidi."

Aliyenitendea haki ni mama anayeniuzia katogo, mchemsho wa ndizi, asubuhi. Mwanawe alikuwepo baa, akamwonyesha video kwenye simu. Kesho yake nilipofika aliruka hata salamu, jambo ambalo Mganda wa makamo yake halifanyi kirahisi.

"Mutabani, mwanangu, huo mlango ulitaka tuununue wa nini?"

Akaweka upawa chini, akagusa koo lake kwa kidole chenye mchuzi. Tuggulire. Pumzi ilifika pale, ikasimama kama mtu aliyekuta komeo, halafu ikapita. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akatikisa kichwa. Watu wa benchi walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai, na hakuna aliyepiga makofi.

Tangu siku hiyo sipewi sahani mpaka nilitamke. Mashindano mengine ni mwisho wa mwezi, nimeshajiandikisha kwa wimbo uleule. Jana nililipata mara ya sita, ndizi zikiwa zimeanza kupoa.